Nilivyowapa wanafunzi wangu kazi ya kubuni michezo

Nafundisha hisabati. Nilipoanza kuwapa wanafunzi kazi ya kubuni michezo yao wenyewe, baadhi ya walimu wenzangu walidhani nimechoka kufundisha. Siwalaumu. Ukipita dirishani ukaona watoto wanarusha dadu na kubishana, utajuaje kama ni kipindi au mapumziko?

Wazo lenyewe si langu. Mwanahisabati Seymour Papert na wenzake walitengeneza lugha ya kompyuta ya Logo mwaka 1967, na Papert aliendelea kusisitiza kwamba mtoto hujifunza vizuri anapotengeneza kitu cha kuwaonyesha wengine. Baadaye Yasmin Kafai, aliyefanya kazi naye, aliwaachia watoto wa darasa la nne watengeneze michezo ya kompyuta ya kuwafundisha wanafunzi wa madarasa ya chini hesabu za sehemu. Hapo ndipo nilipovutiwa. Michezo mingi ya kufundishia inayoletwa madarasani ni zoezi lile lile lililopakwa sukari, na watoto hulitambua mapema. Kuutengeneza mchezo ni kazi nyingine kabisa.

Tulianza na karatasi, vizibo vya chupa na dadu. Niliweka masharti machache: sheria zienee ukurasa mmoja, mchezo uishe ndani ya kipindi, na usiwe wa maswali na majibu. Hilo la mwisho lilileta manung'uniko, lakini sikulegeza. Mchezo wa maswali unaweza kuubadilisha ukawa wa historia au wa sayansi bila kugusa sheria hata moja, maana yake somo halimo ndani ya mchezo, limebandikwa tu juu yake.

Kundi moja lilibuni mbio. Wakimbiaji walipewa namba kuanzia 2 hadi 12. Unarusha dadu mbili, unajumlisha, na mwenye jumla hiyo anasogea hatua moja. Wa kwanza kumaliza hatua 12 ndiye mshindi. Kwa wabunifu wenyewe ilikuwa haki tupu, maana njia zote zilikuwa na urefu mmoja. Wenzao walipoujaribu, aliyechagua 12 alibaki mstarini karibu mchezo mzima huku 7 akiwaacha wote. "Mwalimu, dadu zao mbovu," akaja kushtaki. Wakabadilisha dadu, mambo yakawa yale yale.

Niliwaambia waandike njia zote za kupata 12, halafu zote za kupata 7. Ya 12 ni moja tu, 6 na 6. Za 7 ni sita. Ukazuka ubishi kama 3 na 4 ni tofauti na 4 na 3, na uliisha pale mmoja wao alipoipaka dadu moja wino. Jumla wakapata njia 36. Jedwali la njia hizo nimelichora ubaoni mara nyingi na likasahauliwa wiki ile ile. Hawa walilichora wenyewe kwa sababu walikuwa na mchezo wa kuuokoa.

Wakaamua kurekebisha urefu wa njia. Mkimbiaji wa 7 akabaki na hatua 12, wa 6 na 8 wakapewa 10, zikawa zinashuka mbilimbili hadi wa 2 na 12, waliopewa hatua mbili tu. Hesabu yao ilikuwa safi: kwa wastani kila mkimbiaji angehitaji mirusho 72 ili afike. Wakacheza tena, na sasa wa 2 na 12 ndio wakawa wanashinda kupita kiasi! Tulikaa na jambo hilo kipindi kizima. Mwenye hatua mbili akibahatika mara mbili mapema, kazi imekwisha. Mwenye hatua 12 hawezi kutegemea bahati ya ghafla; kadiri hatua zinavyokuwa nyingi, bahati nzuri na mbaya hufidiana. Na mbio humpa ushindi anayetangulia, hata kama wastani wa wote ni ule ule. Huo ni mtawanyiko, mada ambayo sikukusudia kuigusa na darasa lile. Wakamwongezea wa 2 na wa 12 hatua, wakampunguzia wa 7, wakacheza, wakarekebisha tena. Usawa kamili hawakuupata, ila hakuna aliyelalamika tena.

Sheria niliyoisimamia kwa ukali kuliko zote ni hii: wengine wakicheza mchezo wako, wewe nyamaza. Usieleze, usisahihishe, andika tu unachokiona. Ilikuwa adhabu kwao. Kundi jingine lilisahau kuandika kama mchezaji lazima apate namba kamili ya kuingilia nyumba ya mwisho au hata ikizidi anashinda. Wachezaji wakagombana, na waandishi wa sheria wamekaa pembeni wameng'ata kalamu. Sijawahi kuona insha ikirudiwa kuandikwa kwa hiari kama walivyorudia ukurasa ule.

Baadaye tulihamia kwenye kompyuta kwa kutumia Scratch, programu ya bure iliyotolewa na MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2007, ambayo maagizo yake huunganishwa kama vipande. Jukwaa lake, yaani eneo la skrini ambamo mchezo huonekana, lina upana wa 480 na kimo cha 360, na sifuri iko katikati, hivyo ukienda kushoto au chini unakutana na namba hasi utake usitake. Binti mmoja alitaka mhusika wake aruke juu ya ukuta wenye kimo cha 70. Kasi ya kuruka, yaani kiasi anachopanda kila mzunguko wa maagizo, ilianza na 10 na kupungua kwa 1 kila mara. Alijumlisha 10, 9, 8 mpaka 1, akapata 55. Akajaribu kuanza na 11, ikawa 66. Na 12 ikampa 78, akapita. Baada ya hapo kasi inakuwa hasi na mhusika anaanguka, na hakuhitaji kuelezwa hasi maana yake nini.

Kompyuta zina hasara zake. Muda mwingi humezwa na picha na milio, na anayezijua zaidi hukamata kipanya wengine wakawa watazamaji. Nililazimika kuwazungusha zamu, na kuzuia picha zozote za urembo mpaka mchezo uchezeke kwa miraba mitupu.

Alama nilizitoa zaidi kwa daftari la kundi kuliko kwa mchezo wenyewe: walibadilisha nini, waliona nini kabla ya kubadilisha, na badiliko lilileta nini. Kundi ambalo mchezo wao haukukamilika lilipata alama za juu, na mwenye mchezo uliopendwa na darasa zima akapata za wastani kwa sababu daftari lake lilikuwa na michoro tu. Alinuna. Mzunguko uliofuata daftari lake ndilo lililokuwa nene kuliko yote, ingawa nusu yake bado ilikuwa michoro.