Kijana aliyeandika "sumuki"

Hii ni ya enzi za 8-4-4, mfumo wa elimu wa Kenya kabla ya huu wa sasa, nafundisha Kiswahili darasa la sita hapa Amu (Lamu). Kulikuwa na kijana mmoja, babake mvuvi, akianza kusimulia habari za bahari darasa zima linanyamaza, lakini mpe daftari sasa! Haisomeki. Na insha ya KCPE, ule mtihani wa mwisho wa darasa la nane, ilikuwa maksi 40 kwa dakika 40, msahihishaji ana lundo la karatasi mbele yake, hana muda wa kukisia umeandika nini, kwa hivo mtoto huyu angeanguka na hadithi zake zote kichwani. Iliniuma kweli.

Siku hiyo nikambakisha baada ya kengele, nikakaa kando yake nikamwambia andika tu, nataka kuona mkono. Ndo nikaona. Biro kaikamata kwa ngumi, anakandamiza mpaka karatasi imefura upande wa pili, na herufi za duara hazifungi juu, a imekuwa u, "samaki" nasoma "sumuki". Alianza kuunganisha darasa la nne, wakati ule wa kutoka penseli kuingia biro, manake ndo waandikavo wakubwa, na herufi zenyewe moja moja bado hazijakaa. Kukimbilia kuunganisha kabla umbo halijatulia kunawaharibu watoto wengi sana.

Nikamtolea daftari ya mistari miwili, ile ya darasa la kwanza. Akaona haya kidogo, lakini akashika kalamu kwa vidole vitatu kama nilivomuonyesha, tukaanza a, d, g, o, q, hizi ni ndugu, zote unaanzia juu kulia, unazunguka kushoto, unashuka, afu unapanda kufunga. Mistari na mistari ya hizo tu.

Katikati akakumbuka herufi za Kiarabu za chuoni, yaani madrasa, akaniuliza, "Mwalimu, lazima zote zishikane? Kule chuoni alifu haishikani na ya mbele yake, wala dali, wala wau."

Nikamwambia hebu niandikie ya chuoni. Wallahi akaandika Bismillahi kwa mkono mwepesi, sini na meno yake matatu, kila herufi imekaa kwenye mstari wake! Mtoto kumbe kuunganisha anakujua kitambo, ustadhi alimfunza herufi mojamoja kwanza, afu ipi inashika na ipi inaachia. Nikamwambia, "Basi mwanangu ndo vivi hivi, g na y zenye mkia wa kuteremka ukitaka ziachie, inua kalamu uanze nyingine." Akacheka, na ngumi haikurudi tena jioni ile.

Tukaendelea hivo kila baada ya masomo mpaka muhula ukakaribia kwisha, nikampa insha ya kwenda kuvua na baba. Nilisoma mwanzo mpaka mwisho bila kusimama. Nikampa 26 kwa 40, makosa ya tahajia yalikuwa tele, lakini sasa nayaona, naweza kuyapigia mstari, na Jumatatu tukaanza nayo.