Nilivyokadiria sumu ya shaba, zinki na kadimi zikiwa pamoja kwenye maji

Kazi yangu ya masta ilihusu maji ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam, na kitu kilichokuwa kinaniuma toka mwanzo ni hiki: ukipima shaba peke yake unaambiwa iko chini ya kiwango, zinki nayo chini, kadimi nayo chini, basi maji hayana shida, wakati mdudu anayeishi humo hapati shaba leo na zinki kesho, vyote vinamwingia kwa pamoja.

Nikatumia dafnia. Ni wadudu wa majini, watoto wao ni wadogo kuliko punje ya ufuta, na mwili ni kama kioo, ukiweka kwenye mikroskopu unauona moyo unavyodunda. Unachukua ambao hawajafikisha masaa 24 toka wazaliwe, watano kwenye kila bika, bika nne kwa kila dozi, unawaacha masaa 48 bila chakula, halafu unatikisa taratibu na kuhesabu ambao hawaogelei ndani ya sekunde 15.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila metali unaipima kivyake upate EC50, yaani dozi inayolemaza nusu ya wadudu. Kwenye mchanganyiko unachukua kiasi cha kila metali kilichopo unagawanya kwa EC50 yake, halafu unajumlisha. Ukiweka theluthi ya EC50 ya shaba, theluthi ya zinki na theluthi ya kadimi, jumla inakuja 1, kwa hiyo unategemea nusu walemae japo hakuna metali hata moja iliyofika EC50 yake. Hiyo ndo njia ya mtafiti Loewe, ya 1926. Ya mwenzake Bliss, ya 1939, inachukulia kila metali inapiga sehemu yake tofauti: shaba ikilemaza asilimia 20 na zinki 30, wanaobaki wazima ni 0.8 mara 0.7, yaani asilimia 56, so waliolemaa ni 44, sio 50.

Raundi ya kwanza ilinitoa machozi jamani. Shaba tupu, dozi kubwa kabisa, nahesabu, wote 20 wanaogelea! Nikarudia, nikabadilisha stoku (ule mmumunyo mkali wa shaba ninaochotea dozi), nikalaumu mizani, wiki tatu zikaenda hivyo hivyo. Siku moja fundi wetu wa maabara akapita, nikamsalimia shikamoo mzee, akaitika marahaba mwanangu, hayo maji ya wadudu umetengeneza kwa resipe gani? Nikamwambia M4, si ndo tunayofugia. Akatikisa kichwa, "Hiyo ina EDTA, kemikali inayoshika metali, shaba yako yote imeshakamatwa, mdudu haimfikii." Na kweli, mwongozo wa shirika la OECD namba 202, wa jaribio hili la dafnia, umeandika wazi kwamba kwa metali M4 iepukwe, mimi nilikuwa nimeruka hiyo aya.

Nikahamia maji ya chumvi nne tu: kalsiamu kloraidi, magnesiamu salfeti, sodiamu baikaboneti na potasiamu kloraidi. Hapo wadudu wakaanza kujibu. Ila angalia sana ugumu wa maji, yaani wingi wa kalsiamu na magnesiamu humo, kalsiamu inagombania mlango na metali kwenye mwili wa mdudu, kwa hiyo EC50 ya kwenye maji magumu ukiipeleka kwenye maji laini utadanganya watu. Na pima metali iliyoyeyuka mwishoni mwa jaribio, usiamini ulichopima kwenye mizani tu.

Shaba na zinki zilikuja karibu kabisa na hesabu ya Loewe. Kadimi na zinki zikagoma, nilitabiri 10 kati ya 20 walemae, wakalemaa 6, nikarudia mara tatu hali ni ile ile. Hizi mbili zinagombania njia moja ya kuingia mwilini, zinki ikijaa mlangoni kadimi inapungua kupita. Supavaiza akaniuliza sasa tunapunguza makadirio? Nikakataa, maana kwenye mto ule zinki inaweza kushuka wiki yoyote na kadimi ikabaki, so kwenye ripoti nikaweka namba ya Loewe kama ya tahadhari na pembeni yake nikaonyesha zile 6.