Hesabu ndani ya kosta

Tulitoka Makambako alfajiri ya Septemba 1, 2016, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamebanana kwenye kosta ya kukodi, tukielekea Rujewa, Mbarali. Ilishatangazwa kila mahali kwamba huko ndiko kupatwa kwa jua kipete kutakakoonekana vizuri. Uwanja tuliukuta umejaa: wakulima wa mpunga, wageni wenye kamera ndefu, watoto, wauza soda. Miwani maalumu haikututosha, tukawa tunaivaa kwa zamu.

Ilipokaribia saa sita mchana mwezi uliingia katikati ya jua, ikabaki pete. Haikuzidi dakika tatu hivi. Kibaridi kilishuka, mwanga ukapauka, na chini ya mti uliokuwa pembeni kila mwale uliopenya majani ulichora pete ndogo mchangani. Baadhi ya wanafunzi waliacha kutazama juu wakaanza kupiga picha ardhi. Sikuwalaumu.

Msichana mmoja, wa aina ile ya kuuliza hata baada ya kengele kulia, alinirudishia miwani. "Mwalimu, nyota ziko wapi?"

Darasani nilikuwa nimewagusia habari za Einstein na nyota za 1919, na yeye alikuja kuzidai. Nikamweleza kwamba siku hiyo mwezi ulikuwa mbali nasi kuliko kawaida, hivyo haukuweza kulifunika jua lote, na ule ukingo uliobaki ulitosha kuzizima nyota. Mei 29, 1919 jua lilifunikwa lote. Kivuli kilitoka Amerika Kusini, kikavuka Atlantiki, kikapita kisiwa cha Príncipe na kukata Kongo hadi Ziwa Tanganyika. Hapo waliokuwa wakisikiliza nusu nusu wakasogea.

Eddington, mwanaastronomia Mwingereza, alikwenda Príncipe kuipima nadharia ya Einstein. Wenzake wakaenda Sobral, Brazil. Walipiga picha nyota zilizoonekana kando ya jua lililofunikwa, kisha wakazilinganisha na picha za nyota zilezile zilizopigwa usiku, jua likiwa kwingine. Nadharia hiyo, ya uhusianifu, inasema jua hupinda nafasi yenyewe iliyolizunguka, na mwanga unaopita karibu hufuata mpindo huo. Kwa hiyo nyota iliyo kwenye ukingo wa jua ingeonekana imesogea sekunde 1.75 za pembe; sekunde moja ya pembe ni digrii moja ukiigawa mara 3,600. Kwa hesabu za Newton ingesogea 0.87 tu. Hiyo 1.75 ni kama upana wa sarafu ukiitazama kutoka kilomita tatu.

"Sasa hicho kidogo hivyo kimebadilisha nini?" kijana mwingine akauliza.

Kimebadilisha karibu kila kitu tunachosema kuhusu ulimwengu. Milinganyo ya nadharia hiyohiyo ndiyo iliyozaa hoja ya ulimwengu unaotanuka, na ya mashimo meusi, yale yenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki. Februari ya mwaka huohuo wa 2016 watafiti wa LIGO, mitambo ya Marekani ya kunasa mitikisiko ya nafasi, walitangaza kwamba wamenasa mitikisiko hiyo, yaani mawimbi ya graviti, kutoka mashimo meusi mawili yaliyogongana na kuungana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Niliisoma habari hiyo kwenye simu ofisini, nikamsimulia mwalimu wa kemia hadi chai yake ikapoa.

Safari ya kurudi wengi walilala. Yule msichana alihamia kiti cha nyuma yangu. "Mwalimu, walipata ngapi hasa?"

Nilikuwa na namba daftarini. Príncipe, ambako mawingu yaliharibu picha nyingi, 1.61. Sobral, kwa darubini ndogo, 1.98. Darubini nyingine ya hapohapo Sobral ilitoa 0.93, lakini picha zake zilitoka bila fokasi, wakashuku kioo kilipata joto la jua, kwa hiyo matokeo yake hawakuyategemea.

"Yaani waliiacha ile iliyompa Newton ushindi?"

Swali hilo limewagombanisha watu wazima wenye digrii zao. Nikamwambia kwamba mwaka 1979 picha hizohizo zilipimwa upya kwa mashine za kisasa zaidi, zikatoa jibu lililo upande wa Einstein. Hakuridhika. Alichukua kikokotoo, akajumlisha zote tatu, akagawa kwa tatu. "1.51. Bado iko karibu na Einstein." Akanyamaza kidogo, vidole vikiendelea. "Lakini nikiiacha 1.98 badala ya 0.93, inakuja 1.27. Hapo Newton anashinda, Mwalimu. Kidogo tu, ila anashinda."

Sikuwahi kuifanya hesabu hiyo. Nikakichukua kikokotoo na kuirudia mwenyewe, nikapata 1.27.

"Ndiyo maana hawakuishia hapo," nikamwambia. "Mwaka 1922 Wamarekani walikwenda Australia, jua likapatwa tena, wakapiga picha za nyota nyingi zaidi."

"Wakapata ngapi?"

"1.72."

"Na walitupa ngapi?"