Theluji ya Juni: jinsi familia ya Mwanza ilivyochagua mlima wa kuskii

Familia yetu imeamua kwamba likizo ya Juni tutaimalizia Lesotho, katika kituo cha kuskii (kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni) cha Afriski kilichoko kwenye milima ya Maluti, na si Uswisi anakoishi wifi yangu, ingawa kwa muda mrefu kila mtu nyumbani hapa Bwiru aliamini kwamba Uswisi ndiko tunakokwenda. Waliosikia wameshangaa, wengine kwa sababu hawakujua kwamba Afrika kuna mahali pa kuskii, wengine kwa sababu hawaelewi watu wa kando ya ziwa wanakwenda kutafuta nini kwenye barafu. Hao wa pili sina la kuwajibu zaidi ya kwamba watoto waliomba na fedha ya kikoba ilikuwa imetimia. Wale wa kwanza ndio ninaowaandikia, kwa kuwa kuchagua kituo cha kuskii ukiwa Mwanza ni kazi tofauti na ile anayoifanya mtu aliyezaliwa kwenye theluji, na maelezo mengi yaliyopo yameandikwa kwa ajili ya huyo mwenzetu.

Maelezo hayo huanza na sifa za mlima: urefu wa kilele, idadi ya lifti, yaani mitambo ya waya inayowapandisha watu mlimani, jumla ya kilomita za miteremko. Eneo la Trois Vallées kule Ufaransa, kwa mfano, husifiwa kwa kilomita zipatazo 600 za miteremko iliyounganishwa, na kwa anayejua kuskii hilo ni jambo la maana. Sisi tulioanza safari hii ni mama mkwe wangu aliyekwisha kupita miaka sabini na asiye na nia ya kuvaa skii, kitinda mimba wa miaka mitano, kaka zake wawili, mume wangu na mimi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga theluji. Mtu wa namna hiyo hutumia siku zake za kwanza zote kwenye kipande kimoja cha mteremko chenye urefu wa mita chache, akijifunza kusimama, kuanguka na kusimama tena. Kilomita nyingine zote anazilipia tu kwenye tiketi.

Swali lililotusaidia kuliko yote aliliuliza mama mkwe, tulipokuwa tukitazama picha kwenye simu baada ya chakula. “Nyie mkiwa huko juu, mimi nitakaa wapi?” Mume wangu alimjibu kwamba kutakuwa na hoteli nzuri, naye akasema hatapanda ndege ili akafungiwe chumbani, yeye anataka kuwaona wajukuu wakianguka. Tangu hapo nikawa natazama ramani ya kila kituo kwa jicho jingine: mteremko wa wanaoanza uko wapi, na je, mtu asiyeskii anaweza kuufikia kwa miguu na kukaa karibu nao penye joto? Ni ajabu vituo vingapi vyenye majina makubwa hushindwa hapo. Bansko ya Bulgaria, ambayo wengi huipendekeza kwa sababu gharama zake ni nafuu kuliko za milima ya Alps, ina mji wake kwenye mwinuko usiofika mita 1,000, lakini kuskii kwenyewe huanza juu, kwenye mita 1,600 hivi, na kufika huko ni kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, ambavyo foleni yake ya asubuhi inafahamika sana. Bibi angebaki mjini, au angelipiwa tiketi ya kupanda na kushuka kila siku.

Uswisi ilifaulu mtihani huo vizuri sana, na sitaki mtu adhani tuliiacha kwa kuwa haifai. Wifi alitupendekezea Grindelwald, kijiji kinachofikiwa kwa treni kutoka mji wa Interlaken, na pale kuna uwanja wa wanaoanza uitwao Bodmi, juu kidogo tu ya nyumba za kijiji, pamoja na njia za kutembea kwa miguu kwenye theluji na njia ndefu za kuteleza kwa sleji kwa wasiotaka skii. Jambo lililonifurahisha zaidi ni mwinuko wake. Kijiji cha Grindelwald kiko mita 1,034 kutoka usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134, maana yake ni kwamba mvuvi wa Kirumba anayevuta nyavu zake yuko juu kuliko wakazi wa kijiji hicho cha milimani kwa mita 100 kamili. Theluji yao inatokana na umbali wao kutoka ikweta, na kwa familia inayotoka kwetu hiyo ni baraka, kwa sababu unaweza kulala kwenye hewa uliyoizoea na kupanda juu mchana tu. Ukichagua Val Thorens ya Ufaransa, ambako kijiji chenyewe kiko mita 2,300, theluji utakuwa na uhakika nayo, lakini utalala hukohuko juu, na mtoto mdogo anaweza kuusikia mwinuko huo kichwani usiku wa kwanza.

Kilichoiangusha Uswisi ni kalenda. Shule zetu hufunga Juni na Desemba. Msimu wa kuskii wa Ulaya huenda takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo Juni haipo kabisa, isipokuwa kwenye barafu chache za kudumu zilizoko juu sana ambazo si za wanaoanza. Inabaki Desemba. Mwanzoni mwa mwezi huo vijiji vya chini mara nyingi havina theluji ya kutosha, na mashine za kutengeneza theluji nazo zinahitaji baridi iliyoshuka chini ya sifuri ndipo zifanye kazi. Kuanzia Krismasi hadi Mwaka Mpya theluji huwa ipo, lakini ndiyo majuma ghali kuliko yote kwa sababu Ulaya nzima iko likizo. Bei hushuka baada ya sikukuu kupita, yaani wakati ambapo watoto wetu wanatafutiwa viatu vya kurudi shule. Nafasi iliyobaki katikati ni finyu mno, na katika vituo vikubwa vya Uswisi tiketi ya lifti ya mtu mzima kwa siku moja huzidi faranga 70. Ongeza hapo viza ya Schengen, ile ya pamoja ya Uswisi na nchi nyingi za Ulaya, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, haitozwi kwa walio chini ya miaka 6, lakini humlazimisha kila mtu mzima kwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa.

Lesotho iko kusini mwa ikweta, na Juni ndiyo mwanzo wa kipupwe chake. Afriski hufunguliwa Juni hadi Agosti, sawasawa na likizo yetu, na hili peke yake lilikuwa nusu ya uamuzi. Kwa Mtanzania anayekwenda kwa ziara fupi Afrika Kusini haidai viza, nasi tutashuka Johannesburg, tukodi gari na kwenda kwa barabara mwendo wa saa tano hivi, tukivuka mpaka wa Caledonspoort, tukipita Butha-Buthe na kupanda mlima wa Moteng. Watoto tutawabebea vyeti vya kuzaliwa vya asili, maana Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote na dirisha la uhamiaji utalikuta wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Nisiipambe Afriski kupita kiasi. Mteremko wake mkuu una urefu wa karibu kilomita moja, theluji yake kwa sehemu kubwa ni ya mashine, na pembeni ya utepe huo mweupe unaona nyasi kavu za kahawia kama kawaida. Mtu anayejua kuskii atauchoka mapema. Lakini kituo kina mteremko wa wanaoanza, walimu waliozoea watu ambao hawajawahi kuona theluji, vifaa vya kukodi, na mgahawa ulio chini ya mteremko ambapo bibi atakaa na chai yake akiwatazama. Lile swali lake lilijibiwa pale.

Kitu kimoja pale ni kigumu kuliko Uswisi, nacho ni mwinuko, na familia nyingi huupuuza kwa kuwa wanaona ni Afrika tu. Kituo kiko kwenye mita 3,050 hivi, juu ya kibanda cha Mandara ambacho wapandaji wa Kilimanjaro wa njia ya Marangu hulala usiku wao wa kwanza. Kanieneo ya hewa pale ni takriban asilimia 70 ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inabeba oksijeni pungufu. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuwapata watu kuanzia mita 2,500, na dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula. Mtoto wa miaka mitano hatakwambia kwamba kichwa kinamgonga; atakataa chakula na kulia, nawe utadhani ni deko. Kwa sababu hiyo hatutapanda moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Tutalala njiani, katika mji wa Clarens au Butha-Buthe, siku ya kwanza ya kufika haitakuwa ya kuskii, na mama mkwe atamwona daktari wake wa shinikizo la damu kabla ya tiketi yake kulipiwa. Dalili zikizidi, dawa iliyo ya uhakika ni kushuka, na hapo gari letu wenyewe litakuwa na faida kuliko basi la watalii.

Mwinuko huo umeingilia hata mzigo wa chakula. Mama mkwe alikuwa ametenga maharage, kwa kuwa tutafikia kwenye nyumba yenye jiko, nikamweleza kwamba kwenye mita 3,000 maji huchemka yakiwa na nyuzi 90 hivi, kwa hiyo maharage yatakaa jikoni mchana kutwa na bado yatakuwa na moyo mgumu. Aliniangalia kwa mashaka. Tumekubaliana dagaa.

Mavazi tumeyapata soko la Mlango Mmoja, na nashauri kila mtu wa Mwanza aanzie huko kabla hajatazama bei za madukani. Majaketi ya kuskii yanakuja kwenye mabelo ya mitumba kila mara, ila huuzwa kama makoti ya bodaboda, na muuzaji wangu alinisifia moja kwa kusema, “Dada, hili mvua ya Machi halipitishi.” Utalitambua kwa vitu viwili. Kwenye mkono wa kushoto, karibu na kifundo, kuna kimfuko kidogo chenye zipu, ambacho hutiwa kadi ya lifti ili mashine iisome bila mtu kuvua glovu. Na ukilifungua ndani, kiunoni, kuna kitambaa cha mpira kinachozunguka na kufungwa kwa vifungo, ambacho huzuia theluji isiingie mgongoni mtu anapoanguka. Madereva wa bodaboda hukikata kwa sababu kinawabana wakikaa, kwa hiyo kagua kwanza. Suruali ya jinzi haifai kabisa, ikilowa hukauka kwa shida, na fulana ya pamba ya kuvaa ndani nayo hubaki na jasho likageuka baridi. Soksi ni jozi moja ndefu na nyembamba. Wifi anasema watu wa nchi za joto huvaa mbili, damu ikashindwa kupita, miguu ikaganda. Viatu, skii na helmeti tutakodi. Helmeti kwa watoto silijadili na mtu. Italia iliifanya kuwa ya lazima kwa walio chini ya miaka 18 mwaka 2022, na baadaye kwa watu wote. Miwani ya jua ni ya wote, pamoja na bibi mgahawani, kwa kuwa theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya jua inayochoma macho.

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dubai kufuata mzigo wameniambia kwamba ningewapeleka watoto Ski Dubai, ule ukumbi wa theluji ulio ndani ya duka kubwa la Mall of the Emirates tangu 2005, wenye mteremko mrefu wa mita 400, ambako jaketi na suruali unapewa pamoja na tiketi. Ni wazo zuri kwa mwenye safari ya Dubai tayari. Sisi tulitaka mlima. Mwanangu wa kati ndiye aliyeuliza kwa nini tusiende Kilimanjaro yetu, yenye theluji na iliyo karibu, na jibu ni kwamba hakuna lifti wala mteremko uliotengenezwa, barafu iliyobaki juu kabisa imepungua sana tangu karne iliyopita, na kuifikia ni siku kadhaa za kupanda kwa miguu.

Limebaki suala la bima. Bima nyingi za safari huuzwa bila kugusa kuskii, na maneno ya kuiondoa huwa yamefichwa kwenye orodha ya michezo ya hatari. Nimemwomba wakala aniandikie kwa barua pepe kwamba kuskii kwenye miteremko rasmi kumo, kwamba gharama za kumtoa majeruhi milimani zimo, na kwamba Lesotho imetajwa kwa jina pamoja na Afrika Kusini, kwa kuwa aliyevunjika mguu vibaya huenda akapelekwa upande wa pili wa mpaka. Hadi sasa amejibu mawili ya kwanza. Akijibu la tatu tutalipia nyumba, na Uswisi itakaa kiporo mpaka kitinda mimba afikishe umri wa kubeba skii zake mwenyewe.