Nimetwaa Ng'ombe wa Nani?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii usingizi umenipaa, na sioni sababu ya kuwaficha.

Jumanne tulikuwa na kikao cha kamati ya ujenzi wa kanisa. Mezani kulikuwa na profoma tatu za mbao, moja ya shemeji yangu. Mwenyekiti akauliza, "Kuna mwenye neno?" Nikainama, nikawa nachezea kifuniko cha kalamu. Kura ilipopigwa nikanyoosha mkono pamoja na wenzangu, shemeji akapata kazi. Bei yake ilikuwa nzuri kuliko zote, na hilo ndilo nililojiambia njia nzima.

Usiku huo nikasoma habari za Robert S. Kerr, Mbaptisti wa Oklahoma, Marekani. Alizaliwa mwaka 1896 kwenye kibanda cha magogo, mwaka 1924 akafiwa na mke wake wa kwanza, na mwaka 1929 akaingia kwenye uchimbaji wa mafuta. Kampuni yake, Kerr-McGee, mwaka 1947 ilipata mafuta katika Ghuba ya Mexico, mbali hata nchi kavu haionekani. Alikuwa gavana, kisha seneta tangu 1949 hadi alipofariki tarehe 1 Januari 1963. Pombe hakugusa, na shule ya Jumapili alifundisha.

Huyohuyo mwalimu wa shule ya Jumapili akapeleka Seneti mswada wa kuwaondoa wazalishaji wa gesi asilia chini ya usimamizi wa bei wa serikali kuu. Naye alikuwa na gesi ya kuuza! Mswada ulipita, Rais Truman akaukataa mwaka 1950. Kerr hakujificha, alisema waziwazi kwamba anatetea mafuta na yeye ni mtu wa mafuta.

Nilikuwa tayari kumhukumu, nikakumbuka kalamu yangu. Yeye angalau alisema. Mimi nilinyamaza, tena ndani ya nyumba ya Bwana.

Lakini ndugu zangu, tusijifunike na uwazi kana kwamba kusema tu kunatosha. Samweli mzee, mvi kichwani, alisimama mbele ya Israeli yote akauliza, "Nimetwaa ng'ombe wa nani?" Aliwauliza watu, wao ndio wakamjibu. Wewe mzee wa kanisa, wewe mweka hazina wa kikundi cha akina mama, wewe unayegawa vibali ofisini: swali hilo unaweza kuliuliza hadharani ukangoja jibu? Jambo likimhusu wa nyumbani kwako, sema, kisha toka nje wenzako waamue. Toka kabisa, usisimame mlangoni ukikohoa.

Nimemwomba mwenyekiti turudie kikao Jumamosi, na nitaeleza kila kitu. Shemeji bado hajui, na mke wangu ndiye dada yake. Niombeeni.