Utazoea

Leo ofisi nzima imeshinda ikitafuta vitu ambavyo jana vilikuwepo. Programu tunayoandikia barua ilijisasisha yenyewe usiku, na asubuhi tukaikuta na sura ngeni: rangi zimepauka, vitufe vimekuwa vichoro visivyo na maneno, na vingine vimehamia upande wa pili wa skrini. Hakuna aliyetuuliza.

Mimi nilinung'unika kidogo nikaendelea. Aliyenigusa ni katibu muhtasi wetu. Huyu mama anachapa dokezo bila kutazama kibodi, huku anapokea simu na kumwonyesha mgeni kiti kwa kidevu. Leo nimemwona anapeleka mshale juu kushoto, anabofya patupu, anasita, kisha anabofya tena palepale. "Jamani, kuprinti wamekuweka wapi?" Bosi anasubiri barua asaini, dereva wa kuipeleka ameshawasha gari. Kijana wa TEHAMA akaja, akamwonyesha kwa sekunde chache, akaondoka na maneno yao yale: "Ni rahisi tu mama, utazoea."

Atazoea, ndiyo. Ila hilo "utazoea" limeniudhi kuliko vitufe vyenyewe. Ujuzi wa mama huyu uko mkononi. Ukimwuliza kitufe fulani kiko wapi, lazima kwanza ashike mausi ndipo akumbuke. Ukikihamisha, umemfanya mwanafunzi mbele ya vijana ambao mpaka jana walikuwa wanamfuata yeye awapangie kurasa za ripoti.

Jioni nimekaa kufikiria ule mtafaruku wa Microsoft Office 2007, menyu za kushuka zilipoondolewa na utepe, yaani ukanda mpana wa vitufe, ukatandazwa juu ya ukurasa. Sitaki kuwaonea waliobuni. Word ya kwanza ya Windows, ya mwaka 1989, ilikuwa na safu mbili tu za vitufe. Word 2003 ilifikisha 31. Watu walikuwa wanaomba waongezewe mambo ambayo tayari yalikuwemo, sema yamefukiwa ndani ya menyu. Nyumba ikijaa hivyo, lazima ipangwe upya. Na nakiri utepe una faida: mgeni wa programu anaona mengi bila kuchimba.

Lakini njia ya kurudi haikuwekwa. Mtu aliyetaka menyu zake hakuwa na pa kubofya ili azirudishe, wakazuka wauzaji wa vijiprogramu vya kuzirudisha, na wakapata wateja. Menyu ya Faili, yenye kufungua, kuhifadhi na kuprinti, ikafichwa ndani ya duara lenye nembo pembeni juu. Nani angejua kwamba nembo inabofywa? Toleo la 2010 likairudisha Faili kwa jina lake, bila duara.

Kinachonishangaza ni kwamba watu haohao waliwakumbuka wahasibu. Katika Excel, aliyezoea kubonyeza Alt, E, S, V ili abandike thamani bila fomula aliendelea kubonyeza vilevile, ingawa menyu ya herufi hizo haikuwepo tena kwenye skrini. Kwa hiyo inawezekana. Mtu alikaa, akafikiria vidole vya wengine, akaamua visisumbuliwe. Wa mausi hawakupata mtetezi.

LibreOffice, wenye programu za ofisi zisizolipiwa, nao walipoleta vichupo vinavyofanana na utepe katika toleo la 6.2, mwaka 2019, waliviweka kuwa hiari. Menyu zikabaki, anayetaka mapya anayachagua mwenyewe. Najua kutunza sura mbili ni kazi mara mbili, na kwamba wanaolipwa kubuni lazima waonekane wamebuni. (Hili la pili nalisema kwa uchungu kidogo.) Hata hivyo naona kampuni yenye uwezo wa kusasisha kompyuta ya masjala usiku bila ruhusa haishindwi kuacha swichi moja ya kurudi nyuma, walau kwa mwaka.

Kabla ya kutoka nilimwambia mama ajaribu Ctrl na P, kwamba hiyo haijahama miaka yote hii. Akaijaribu, karatasi ikatoka, akaichukua na kuipulizia kama mkate wa moto.

"Sawa," akasema, "ila usiwaambie kama tunaitumia. Wakijua wataihamisha."