Mapenzi yaliyokata siku hela ya korosho ilipoingia

Juzi umeme ulikata huku Chikongola, Mtwara, tukatandika mkeka nje, mimi na wifi yangu ambaye ni muuguzi wodi ya wazazi, na mama pembeni anabangua korosho alizochoma jioni, vidole vyeusi tii mpaka kwenye kucha. Sijui ilianzaje ila tukajikuta tunabishana mapenzi yanatoka kwa Mungu au ni mihemko yetu tu binadamu.

Mimi nikawaambia ya kwangu yalikuwa yanatoka benki.

Mnakumbuka msimu wa 2017, korosho ilivyopita shilingi 4,000 kwa kilo, huku kusini watu tulikuwa tunacheka hata na kuku. Mume wangu wa kwanza, mtu ambaye toka anioe hajawahi kunipandishia sauti, hela ilivyosoma tu akaniaga anaenda Masasi kununua pikipiki, akakaa huko mwezi na nusu, na pikipiki alinunua kweli ila nyuma alikuwa kashampakia mtu. Ikaja 2018, serikali ikasema inanunua yenyewe kwa 3,300, malori ya jeshi yakaja kubeba, malipo yakachelewa weeee, na yule bwana huyo mlangoni kwangu hodi hodi, eti "bado nakupenda mama fulani". Sasa jamani hapo nani aliyaleta na nani aliyaondoa? Kama ni Mungu basi na yeye anafatilia mnada wa korosho.

Wifi akacheka mpaka akalala kwenye mkeka. Yeye anasema Mungu tumsingizie mvua, mapenzi ni homoni. Kuna kitu kinaitwa oksitosini, kinatoka kwenye ubongo, ndo kinabana mfuko wa uzazi mama akiwa na uchungu, ndo kinasukuma maziwa mtoto akinyonya, na watu wakikumbatiana kinatoka pia. Tena anasema Mmarekani mmoja, Vincent du Vigneaud, aliitengeneza maabara 1953 na 1955 wakampa Nobel, kwahiyo kitu gani cha Mungu hapo wakati kipo kwenye kichupa nakichoma kila siku.

Nikamwambia wifi, kama unachoma kila siku mbona sijasikia mzazi hata mmoja kaamka kampenda muuguzi, si ndo nyie mnaolalamikiwa kwa kufoka? Kajishika kiuno. Akasema ile ya sindano haipenyi vizuri kuingia kwenye ubongo, inafanya kazi huku chini tu. Haya, nimekubali, yule bwana basi na yeye ya kwake haikupenya.

Mama alikuwa kimya muda wote, tok, tok, na kijiwe chake. Ndo akasema nyie mlienda madrasa kula visheti. Surat Ar-Rum aya ya 21 Mungu ametaja vitu viwili kati ya mume na mke, mapenzi na huruma, nyie mmeshikilia kimoja. (Jirani yetu Mkristo akadakia toka ng'ambo ya ukuta kuwa Biblia nayo inasema Mungu ni upendo, kumbe alikuwa anatusikiliza toka mwanzo!)

Hapo kwenye huruma nikanyamaza maana nilimkumbuka babu. Babu yangu wa Newala, na wanaoijua Newala wanajua kule juu zamani maji hakuna, wanawake walikuwa wanateremka mabondeni na mitungi halafu wanapanda ule mlima na mzigo kichwani. Bibi akiwa na mimba ya mama, babu akawa anashuka yeye, upande ule wa genge linaloitwa Shimo la Mungu, alfajiri, na debe begani, anarudi jua limeshakuwa kali. Mwanaume kuchota maji enzi hizo! Wenzake walimcheka, wakasema kapewa limbwata huyo, kakaliwa. Na hakuacha, mimba zote saba.

Mi naona wifi yuko sawa kuhusu ile ya moyo kwenda mbio, ile ni mwili, inakuja inaondoka kama homa na mwenye nayo hata asilaumiwe sana. Ila kuteremka lile genge gizani mara saba, miezi na miezi, mgongo unauma na watu wanakucheka, sioni homoni ya kuvumilia hivo. Hiyo mi nampa Mungu. Wifi hajakubali, anasema nayo ina maelezo yake, atanitafutia.

Bibi kabla hajafariki niliwahi kumuuliza kwa utani, eti bibi ni kweli ulimlisha babu limbwata? Akanikata jicho.

"We mtoto we, limbwata ningelichemsha na nini, maji yenyewe si mpaka akayalete yeye?"